Ramani ya Tongoni: usipande hata mkoko mmoja kabla chombo hakijapita

Simama hapo hapo, mkuu. Achia mausi kwanza.

Umeuliza mambo manne kuhusu ramani ya Age of Empires II unayoichora, ya ghuba ya Tongoni kule Tanga: ramani iwe saizi gani, mikoko ya Mtang'ata, huko huko Tongoni, uipandeje ifanane na ya kweli, kompyuta uipange vipi ili ishambulie kwa awamu, na sauti za wahusika uzirekodi kwa kitu gani. Mawili ya mwanzo tutayafikia, ya kompyuta na sauti yangoje kwanza. Ila hiyo picha uliyobandika chini ya swali ndiyo iliyonitoa usingizini. Ghuba yote, toka magofu ya Tongoni hadi mafungu ya huko nje, umeipaka aina ya maji iitwayo "Shallows". Yote! Inapendeza, sikatai, mchanga unaonekana chini ya maji kama pale Raskazone bahari ikiwa imekupwa. Na juu yake umeshapanda mikoko, umeshaweka meli, na unasema uko kwenye triga ya 20, yaani zile amri za "hili likitokea, lile lifanyike".

Hiyo si bahari. Hicho ni kivuko cha miguu.

Kwenye Age of Empires II, "Shallows" inapitika na kila mtu. Askari wa miguu anapita, farasi anapita, na meli nayo inapita. Kinachoshindikana ni kujenga nyumba juu yake, basi. Sasa wewe mwenyewe umesema roho ya mchezo wako ni ile São Rafael ya Vasco da Gama, iliyopanda fungu hapo Mtang'ata Aprili 1498, kisha Januari 1499 wakaichoma moto hapo hapo kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vyote. Kwenye ramani yako chombo hakikwami hata kidogo. Kinateleza juu ya fungu kama ngalawa kwenye maji ya bamvua. Na Mreno akichoka kungoja meli ya kumvusha, anashuka, anatembea mwenyewe mpaka msikitini, kilicholowa ni viatu tu. Tanga waja leo, lakini si kwa miguu kutoka baharini.

Kinachoponza watu ni majina. Kwenye menyu ya toleo la 2019 kuna "Water, Shallow" na kuna "Shallows". Majina ndugu, tabia mbalimbali. Ya kwanza ni bahari halisi, wanapita wenye vyombo peke yao, ila imepakwa rangi ya maji mepesi. Ya pili ndiyo hicho kivuko. Kwa macho, ukiitazama ramani kwa mbali, hutofautishi.

Mie niliingizwa mkenge na jamaa mmoja wa video, simtaji, ana sauti nzuri na maikrofoni ya bei. Maneno yake: "Chora kwanza ipendeze, njia zitajipa zenyewe." Njia zitajipa! Kwani ni mchicha huo, uote wenyewe? Huyo bwana ramani zake anazipiga picha tu, hajawahi kuzicheza mpaka mwisho. Nimemfuata neno kwa neno, nimefika triga ya 64 ndipo nikabonyeza kujaribu, nikakuta jeshi zima la adui linaoga kuelekea mjini. Cheka tu, nami nimeshacheka, ilichukua kama miezi miwili.

Utasema, si napaka upya tu? Paka. Uone.

Kwanza, ukipitisha aina nyingine ya ardhi juu ya msitu, miti inaondoka. Mikoko yako yote kwaheri. Pili, ukifuta yuniti, yaani askari, meli au kitu ulichokiweka, ambayo triga inaitegemea, triga inabaki haina mtu. Ukiweka nyingine pale pale, ya sura ile ile, triga haiitambui, kwa sababu ilikuwa imeshika ile ya mwanzo, si ya aina hiyo yoyote. Inabidi uifungue, uichague upya kwa mkono, moja moja. Tatu, na hili ndilo linaloua: eneo unalochora ndani ya triga, mfano "askari 10 wakifika hapa, moto uwake", limehifadhiwa kwa namba za vigae, vile vimraba vinavyounda ramani. Halifuati kijiji. Ghuba ikishakuwa bahari ya kweli utagundua ufuo umekuwa mwembamba, utasogeza kijiji vigae 10 kuelekea bara, na eneo lako litabaki pale pale lilipokuwa, sasa liko majini, linangoja askari ambao hawatakuja kamwe. Mchezo haukupi onyo lolote. Hakuna kinachowaka wala kuzimika. Mchezaji atazunguka saa nzima, ataondoka, atakuandikia kwamba ramani yako ni mbovu, na atakuwa amesema kweli.

Kwa hiyo sheria ni moja, nami siilegezi: ASKARI MMOJA, CHOMBO KIMOJA, KABLA YA MTI WA KWANZA.

Inafanywa hivi. Ramani mpya tupu. Tumia rangi tatu peke yake: majani, mchanga, na maji ya kina cha kati. Chora umbo la ghuba, rasi, mafungu na mlango wa kuingilia. Usiguse miti, usiguse miinuko. Weka askari mmoja wa miguu kijijini na mwingine juu ya fungu la nje. Weka meli moja ya vita nje ya mafungu. Hifadhi kwa jina la tongoni_01, kisha nenda kwenye menyu ubonyeze kujaribu.

Mwamrishe askari wa kwenye fungu aende msikitini. Anatakiwa afike ukingoni asimame, akodoe macho. Akiingia majini, una tundu. Mfuate uone anapitia wapi, hapo ndipo pa kuziba. Halafu iamrishe meli iende ufuo wa kijiji. Lazima izunguke ipite mlangoni. Ikikata moja kwa moja juu ya fungu, fungu lako ni pambo.

Na hapa kuna mtego wa pili, mdogo wake ule wa majina. Edita hupenda kujiwekea ufuo pale nchi inapokutana na maji, na ufuo wa kawaida meli inaupanda. Fungu la kigae kimoja au viwili linageuka ufuo mtupu, yaani halizuii kitu. Lifanye la vigae 4 kwa 4 angalau, katikati pabaki nchi kavu, au chagua zile aina za ufuo zilizoandikwa "Non-Navigable", zimewekwa kwa kazi hiyo hiyo. Mlango nao usiubane. Meli moja itapita kwenye vigae viwili, meli kumi zitagombana kama daladala za Ngamiani saa kumi na moja jioni. Mie siendi chini ya vigae 5.

Rudia jaribio mara tatu, kila mara umwanzishe askari upande tofauti. Likipita, hifadhi kwa jina la tongoni_02 na tongoni_01 usiifute. Jina jipya kila hatua, tafadhali, kwa sababu kile kitufe cha kutengeneza ramani, kwenye ukurasa ule ule wa kuchagua saizi, kinafagia kila kitu ulichochora.

Ndiyo, saizi. Mchezo wa watu wawili wenye ghuba moja, 144 kwa 144 inatosha, yaani vigae 20,736 vya kujaza. Ukitamani nafasi, 168. Ile ya 480 iache kabisa, ni mara 16 ya ile ndogo ya 120, na utakuwa unapaka nyasi mpaka Maulidi.

Mikoko, sasa. Brashi ya msitu wa mikoko inajaza mti kwenye kila kigae, inakuwa ukuta. Ukuta wenyewe ni wa muda, kila mti una mbao 100, na wanakijiji wakishaukata njia imefunguka, kwa hiyo usiutegemee kuzuia jeshi. Mie natumia yale maji ya mikoko, kisha napanda mti mmoja mmoja kwa mkono. Lakini kumbuka maji ya mikoko nayo ni jamii ya kivuko! Yawe utepe wa vigae 2 au 3 ulioshikana na nchi kavu, na mbele yake vigae 4 au zaidi vya bahari ya kweli, vinginevyo tumerudi kwa Mreno wa kutembea. Na uache ufuo mweupe usio na mti, vigae 6 hivi. Gati ni 3 kwa 3, na nimeona ramani nzuri ajabu ambayo mchezaji hana pa kulijenga.

Jambo dogo la triga, kwa sababu naona umeweka sekunde 60 kabla São Rafael haijawaka: hizo ni sekunde za mchezo. Kwenye kasi ya kawaida ya 1.7 zinaisha kwa sekunde 35 za saa yako ya ukutani. Mchezaji hatakuwa amemaliza hata kusoma maelezo. Weka 150.

Sasa funga hiyo faili yako nzuri, anza nyingine tupu, uibandike hapa ikiwa na askari wawili na meli moja. Nikikuta mti ndani yake, siifungui.