Vitabu vya picha kwa chekechea: anza na picha yenyewe

Mwalimu mwenzangu, umeuliza uchague vipi vitabu vya picha kwa watoto wa miaka 3 hadi 5 wasiotulia wakati wa hadithi. Kabla hujasoma neno hata moja, fungua kitabu, kisimamishe mezani, kisha rudi nyuma hatua tano. Kama wewe mwenyewe huioni vizuri sura ya mhusika, mtoto aliyeketi nyuma kabisa hataiona, na ndiye atakayeanza kumchokoza mwenzake.

Halafu kisome kwa sauti ukiwa peke yako. Sentensi moja au mbili kwa ukurasa zinatosha, na kibwagizo kinachojirudia ni lulu: ukisoma mara ya tatu, watoto watakidaka kabla hujakifikia. Mimi hupenda mno picha inayosema jambo ambalo maneno hayajalisema, tuseme mkia wa paka unaochungulia chini ya kitanda huku hadithi ikiendelea kumtafuta. Hapo hata mtoto mkimya hunyoosha kidole.

Usinunue vingi kwa mpigo. Vichache wanavyoomba virudiwe vina faida zaidi, maana kurudia ndiko kunakowapa maneno mapya. Vyenye kurasa ngumu za kadibodi waachie wavishike wenyewe.