Shangazi, mashua yangu niipe jina gani?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mvuvi wa Kilwa Kivinje, nina miaka 38. Mwaka jana nilinunua mashua kuukuu kwa mjane mmoja wa Mafia. Nimebadilisha mbao za ubavuni, nimeikalafati upya, sasa imebaki rangi na jina tu. Mjane aliniuzia ikiitwa Tawakal. Mimi nataka niiandike "Mwenye Wivu Ajinyonge", kwa sababu mtu niliyekuwa nikivua naye kwa ubia alinitoa chomboni, akanitangazia dikoni kwamba sitamiliki hata ngalawa. Mama anataka liandikwe jina lake. Wazee wanasema kubadili jina la chombo ni nuksi. Mke wangu, ambaye pesa yake ya upatu, milioni moja na laki mbili, ndiyo iliyonunua mbao na misumari, nikimuuliza ananijibu "andika utakalo". Fundi wa rangi ananisubiri. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu, na hongera. Mtu aliyetolewa kwenye chombo cha ubia akarudi pwani na chake ana haki ya kutamba kidogo. Nimesema kidogo.

Nianze na wazee, maana lao ni jepesi. Ile meli ya Ziwa Tanganyika, MV Liemba, haikuzaliwa Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam na kupakiwa kwenye treni hadi Kigoma, ikashushwa ziwani 1915 kwa jina la Goetzen. Huyo alikuwa gavana wa Kijerumani, na ninyi watu wa Kivinje mnamjua hata kama hamkulisoma jina lake, kwani ndiye aliyekuwa madarakani Majimaji ilipolipuka 1905. Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha isije ikaangukia mikononi mwa adui, ila mitambo waliipaka grisi kwanza. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji kuwa ndilo la ziwa lile. Kwa jina la gavana ilidumu mwaka mmoja na ushei. Kwa jina la ziwa imebeba watu na dagaa kati ya Kigoma na Mpulungu miongo na miongo. Waulize wazee wako, hiyo nuksi ilipanda bandari gani?

Nuksi ninayoijua mimi ni ya kubadili jina kihuni. Mpigie simu yule mjane. Mwambie, "Mama, chombo cha marehemu kimepona, nataka kukipa jina jingine, naomba radhi yako." Pengine mumewe ndiye aliyeliandika lile Tawakal kwa mkono wake. Halafu kwangua mpaka mbao ionekane. Rangi ya miaka mingi huacha kivuli. Unapaka juu, inang'aa wiki mbili, ikilowa tu unaona T na W zinachungulia chini ya jina jipya kama mke wa zamani dirishani.

Mjane akikwambia liache, sikatai, ni jina jema. Ila lina wenyewe wengi. Siku mashua imekatika foromali, ule mti wa tanga, na mtu anapiga simu pwani kuomba msaada, ataulizwa chombo gani, na akisema Tawakal ataulizwa tena Tawakal ya nani. Afisa uvuvi atakupa namba ya usajili, ni sawa, lakini sijawahi kusikia mtu akilia kwa namba.

Sasa tuje kwa huyo mwenye wivu.

Jina la chombo wewe unaliona mara moja, siku ya rangi. Baada ya hapo uko ndani, umelipa kisogo. Wanaolisoma ni walioko pwani. Basi fikiria kusi limechachamaa, magharibi imeingia, wenzio wote wamerudi isipokuwa wewe. Mkeo amesimama kwenye tope la mikoko na tochi ya simu. Mtu anamuuliza, "Mumeo yumo chombo gani?" Naye ajibu, "Yumo ndani ya Mwenye Wivu Ajinyonge." Mwanangu! Umezaliwa mji wenye Mwembekinyonga, Mjerumani aliponyonga wazee wetu, nawe unakwenda kuliandika neno hilo kwenye chombo kilichojaa kamba? Mimi sina ushirikina, lakini kuna maneno hayapelekwi baharini.

Na huyo mbia wako wa zamani, umefikiri atafanyaje? Atacheka. Kila asubuhi atalisoma jina lake dikoni, limeandikwa kwa pesa ya mkeo. Umemfanyia tangazo. Kijembe cha kanga mtu huvaa leo, kesho akafua, keshokutwa wamepatana anavaa nyingine. Cha mbao kinabaki. Siku mkipatana (na mtapatana, bahari haina watu wengi hivyo) utamkaribisha chai kwenye chombo gani?

Tena ni refu. Nilipokuwa msichana pwani yetu kulikuwa na bwana mmoja aliyetaka jahazi lake liandikwe "Hasidi Hana Sababu". Fundi alianza na herufi kubwa kama milango, kwa madaha, akija kushtuka omo, yaani mbele ya chombo, imekwisha. Likabaki HASIDI HANA SABA. Upande wa pili akazibana, zikatosha, kwa hiyo jahazi likawa na majina mawili kutegemea umesimama wapi. Sisi watoto tuliliita Saba mpaka linauzwa, na mwenyewe tukamwita Bwana Saba. Neno moja, mawili yakizidi. Na umsimamie fundi, umtajie herufi moja moja.

Kuhusu mama, hapo nakuhurumia. Wako wanaowapa vyombo majina ya mama zao na wanaishi vizuri. Lakini wewe unawajua mabaharia na midomo yao. Chombo hupandwa, hukokotwa mchangani, hulazwa ubavu kikachomwa makuti tumboni. Halafu kinavuja. Utaweza kukaa kwenye kahawa usikie "fulani anavuja leo" na huyo fulani ni mamako? Mweleze hivyo hivyo, kwa upole, atacheka na kukutukana kidogo, yatakwisha. Mpe safari ya kwanza ya kwenda Songosongo, akae juu ya mto mzuri kama malkia. Nadhani anachotaka ni kuonekana, na hilo litamtosha. (Usije ukakimbilia jina la timu ukidhani umekwepa ugomvi. Ukiandika Yanga, watu wa Simba watakutafutia kasoro kwenye samaki.)

Nimeliacha la mkeo mwisho kwa sababu ndilo lililonifanya nikujibu. Umeandika maneno mengi juu ya mbia, mama na wazee, na yeye umempa mstari mmoja tu, tena mstari wenyewe una milioni moja na laki mbili ndani yake. Upatu wa milioni na ushei mwanamke haupati kwa mwezi. Huo ni vitumbua, ni ukili aliosuka mpaka vidole vikachanika, ni zamu aliyoingoja wenzake wakipokea. Akakupa ukanunua misumari. Halafu ukamuuliza jina ilhali tayari umeshachagua lako, na ameshakusikia ukilitamba barazani. Alitegemewa ajibu nini? "Andika utakalo" ya mke wa Kiswahili si ruhusa, baba. Ni mlango uliorudishwa polepole ili usisikike.

Mimi ninayo majina yangu ninayoyapenda. Matlai. Umande. Ni pepo njema, mafupi, na ukiyaita kwa sauti upepo hauyamezi. Kilimia nalo zuri, zile nyota za kulimia, ila wale wa kahawani watakukumbusha methali yake inaanza na "kikizama", kwa hiyo liache. Lakini si mimi niliyetoa pesa ya mbao.

Kivinje maji hayakupi nafasi ya kushua chombo kikubwa mpaka bamvua, maji yanapojaa sana, kwa hiyo haraka ya fundi wa rangi haina maana. Mwambie apake buluu, aache ubao wa jina mtupu. Mchukue mkeo jioni mpeleke pwani, yeye peke yake, apandishe mkono ubavuni aone misumari yake imekaa wapi. Muulize hapo. Akikwambia tena "andika utakalo", usiandike kitu.