Kabla ya kununua vumbi, kapime sukari

Mwezi huu meseji zimekuja nyingi kuliko kawaida na karibu zote zinauliza jambo moja, nguvu za kiume. Sishangai, ndo msimu wenyewe, minada ya korosho imeanza, hela zinaingia kwenye akaunti na wauza dawa za nguvu nao washashuka na spika zao kwenye magulio yote, Masasi, Newala, mpaka Nanyamba. Nimechagua tatu, majina nimeyaacha.

SWALI: Shikamoo dokta. Mi ni mkulima wa korosho huku Tandahimba, nna miaka 48, mke mmoja watoto watano. Kama mwaka sasa mambo yangu hayaendi, uume unasimama kidogo afu unalala kabla sijafanya chochote, na ile ya asubuhi kuamka umesimama siku hizi siioni kabisa. Nimekunywa supu ya pweza, nimetafuna karanga mbichi na muhogo na nazi mpaka taya zinauma, vumbi la Kongo nimenunua mara mbili, la kwanza lilinichoma tu. Kuna mtu kaniambia nimefungwa na mwanamke niliyemwacha zamani. Usiku naamka kukojoa mara tatu nne na kiu haiishi ila nadhani ni hili joto. Sasa nimepata hela ya mnada wa kwanza, kuna jamaa anauza dozi laki mbili, anasema unapona moja kwa moja. Ninunue?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usinunue.

Meseji yako nimeisoma mara mbili na kilichonishtua sio uume, ni yale maneno uliyoyatupia mwishoni ya kukojoa usiku na kiu. Hilo sio joto. Sikuoni wala sijakupima kwa hiyo siwezi kukwambia una ugonjwa gani, ila mtu wa miaka 48 mwenye kiu isiyoisha, anayeamka kukojoa mara nne na nguvu za kiume zimeshuka polepole ndani ya mwaka, kitu cha kwanza kabisa anachotakiwa kupima ni sukari, na sio mwezi ujao, ni wiki hii.

Ngoja nikueleze kwanini navihusisha, maana watu wengi wanadhani uume ni kitu kinachojitegemea huko chini. Uume hauna mfupa, unasimama kwa damu. Ukipata hamu ubongo unatuma taarifa kupitia uti wa mgongo na neva, mishipa inayopeleka damu kwenye uume inalegea na kutanuka, damu inajaa kwenye nyama mbili za ndani zilizo kama sponji, na zikijaa zinabana mishipa ya kurudishia damu kwahiyo damu inabaki humo. Yani taarifa ipite, mpira wa maji ufunguke, na maji yasivuje. Sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu neva na mishipa vyote kwa pamoja, ndo maana mwanaume mwenye kisukari anapata tatizo hili mapema na mara nyingi kuliko mwenzake asiye nacho. Presha, sigara, mafuta kwenye damu, kitambi, navyo vinakaza na kuziba mishipa.

Na hapa pana jambo ambalo ningependa kila mwanaume wa huku kusini alijue. Mshipa wa damu wa uume ni mwembamba, kama milimita 1 hadi 2, ya moyo ni kama 3 hadi 4. Ugonjwa ule ule ukiingia mwilini unaziba mwembamba kwanza. Kwa hiyo mwanaume anaweza akaona uume unagoma leo, na moyo ukaja kugoma miaka michache baadae. Madaktari wa moyo wanalijua hili na wanalichukulia kama onyo. Wewe umepewa onyo unataka kulipa laki mbili ulifunike.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu ya mjomba wangu. Ndiye aliyenilea, na we ni mtu wa huku unajua mjomba ni nani kwetu. Alianza hivihivi. Miaka mitatu alizunguka kwa waganga na wauza mizizi, kila msimu hela ya korosho nusu inaishia huko, na mimi wakati huo nilishakuwa tabibu, nakaa hatua chache tu kutoka kwake, hakuniambia maana atamwambiaje mpwa wake mambo ya chumbani. Nilikuja kujua siku aliyoletwa na kidonda cha mguuni kisichopona, sukari 24. Mguu ulikatwa. Nilipomuuliza baadae ilianza lini ndo akanieleza, taratibu, akiangalia pembeni. Miaka mitatu mwili ulikuwa unaita na sote hatukusikia.

Kuhusu kufungwa sitabishana na wewe, kila mtu na anachoamini, ila hata aliyefungwa akipima sukari hapotezi kitu. Supu ya pweza ni chakula kizuri, kunywa kwa raha zako, haitibu mishipa. Karanga na nazi hivyo hivyo. Muhogo mbichi uuangalie tu usije ukawa ule mchungu, watu wa huko kwenu mnajua kwanini unalowekwa na kuanikwa mpaka uwe makopa. Ila vumbi na hizo dozi za laki mbili ndo naziogopa kweli. Hujui ndani kuna nini. Dawa nyingi za aina hii zinazouzwa kama za mitishamba, zilipopimwa maabara nchi mbalimbali zilikutwa zimechanganywa sildenafili kimyakimya, ile dawa ya hospitali ya kusimamisha uume, tena kwa kipimo asichokijua mtu. Ndo maana wengine wanasema imefanya kazi.

Fanya hivi. Amka asubuhi, usile kitu, nenda kituo cha afya kilicho karibu upime sukari na presha. Sukari ya hujala ikiwa 7 au zaidi watarudia kuhakikisha, presha ikisoma 140 kwa 90 au zaidi nayo watakuambia urudi. Ukifika kwa daktari usimzungushe ukasema kiuno kinauma, sema "nguvu zangu za kiume zimepungua, mwaka sasa", basi, anayasikia kila wiki. Kama unaona aibu kwa dada nesi omba mhudumu wa kiume, ni haki yako. Wakiona haja watakupa rufaa, Ligula, Ndanda, au ile hospitali ya kanda pale Mitengo, wacheki mafuta kwenye damu na homoni ya testosteroni, ambayo huwa inapimwa asubuhi maana mchana inashuka.

Na dawa zipo. Sildenafili iliruhusiwa Marekani mwaka 1998, tadalafili ikafuata, kwa wengi zinasaidia, ila daktari akupe baada ya kujua moyo na presha yako vikoje, na hata ukiimeza haifanyi kazi bila hamu. Wasiosaidiwa na vidonge kuna pampu, kuna sindano, kuna mpaka upasuaji. Wakati huo huo sigara acha, na nipa pia, ile pombe kali ya mabibo. Najua mabibo yapo ya kumwaga sa hivi na uraka unapita kila nyumba, ila pombe kali kila siku inaharibu neva na homoni pia.

Na pia hauko peke yako. Marekani, Massachusetts, walifuatilia wanaume wa miaka 40 mpaka 70 na matokeo yakatoka 1994, asilimia 52 walikuwa na tatizo hili kwa kiasi fulani, wengine kidogo wengine kabisa. Mmoja kati ya wawili. Pale kwenye foleni ya mnada mlikaa wangapi?

SWALI: Habari dokta, mimi ni mama wa miaka 46, nipo Lindi mjini. Mume wangu ana 55, alikutwa na presha mwaka juzi akaanzishiwa vidonge. Tangu hapo kitandani akawa mzito, na sasa miezi kama minane hanigusi, analala kageukia ukutani. Nilidhani ana mwanamke nje. Juzi nafua koti lake nikakuta vidonge vya presha vimejaa mfukoni, kumbe hamezi. Nimwambieje bila kumvunjia heshima yake?

JIBU: Dada yangu, pole, na nashukuru umeuliza kabla ya kugombana nae. Kwa jinsi unavyoeleza, mi nadhani huyu bwana hana mwanamke nje, ana hofu. Amejumlisha mwenyewe kichwani kwamba vidonge ndo vimemmaliza, akavificha.

Na hajakosea moja kwa moja. Baadhi ya dawa za presha zinaweza kupunguza nguvu, hasa zile za kukojosha na kundi la atenolol. Nyingine hazina sana shida hiyo. Ndo maana dawa hubadilishwa, na mwenye kubadilisha ni daktari. Alichofanya yeye ni kuacha, na presha yenyewe inaharibu mishipa ya uume kuliko kidonge, afu ikipanda bila kizuizi kuna kiharusi. Nimeona wanaume waliolinda heshima ya kitandani wakaishia kulishwa uji na wake zao. Arudi kliniki hata kesho, na aseme wazi kwamba ameacha na kwanini ameacha. Asipolisema daktari ataona presha iko juu na atamwongezea dozi.

Sasa namna ya kumwambia. Usiseme kitandani, na usiseme siku mmekwaruzana. Somo wako alikufundisha mengi ya kumtunza mume ila hili la mume kunyamaza nadhani hakulifikia. Tafuta muda mnaofanya kazi pamoja, mnabangua korosho, mnatembea kutoka shamba, sehemu ambayo hamuangaliani usoni, mwanaume huongea vizuri zaidi akiwa na kitu mkononi. Anzia kwenye vidonge usianzie kwenye uume. Mwambie nimevikuta kwenye koti, sijakasirika, nakuogopea wewe. Afu nyamaza. Acha kimya kikae hata dakika tano, atasema. Akishasema mwambie utaenda nae, wengi wanakwenda wakijua kuna mtu anawasubiri pale kwenye benchi. Na hayo ya mwanamke wa nje usiyataje kabisa, na mawifi wasijue.

Halafu kitu kimoja cha hatari. Akianza kupata dawa ya nguvu, popote, na kama daktari amewahi kumpa kidonge cha kuweka chini ya ulimi kwa ajili ya maumivu ya kifua, hizo mbili hazikutani. Presha inaanguka ghafla na mtu anaweza kufa. Amwambie daktari kila dawa anayotumia, hata ya mganga.

SWALI: Mambo vipi dokta, mi ni bodaboda Mtwara mjini, nna 23. Nikiwa peke yangu iko freshi na asubuhi inasimama kama kawa, ila nikiwa na demu wangu mpya hola. Imetokea mara tatu. Washkaji kijiweni wanasema punyeto imeua mishipa, wamenipa kidonge nimeze nusu. Nimeze?

JIBU: Hapana mwanangu, kirudishe. Kama asubuhi unasimama na ukiwa peke yako unasimama basi mishipa inapitisha damu na neva zinafanya kazi, punyeto haijaua kitu. Ulichonacho kwa maelezo yako ni hofu. Mara ya kwanza ulichoka au uliona aibu, ikagoma, mara ya pili ukaingia ukijichunguza kama itasimama, na mwili wenye hofu unamwaga adrenalini, ile ile inayokushika gari likikukosa kosa barabarani, kazi yake ni kubana mishipa. Damu itapita wapi? Mwambie huyo binti ukweli, kaeni siku kadhaa mguzane tu bila lengo la kufika popote, lala vya kutosha, punguza zile enaji za makopo. Mara tatu sio ugonjwa. Ikiendelea mpaka miezi kama 3, au ile ya asubuhi nayo ikapotea, au ukaona huna hamu na kitu chochote hata kazi, nenda hospitali, huzuni ya muda mrefu nayo hufanya hivi na inatibika.

Na kama nusu umeshaimeza kabla hujasoma hapa, ujue hili, uume ukisimama zaidi ya saa 4 ukagoma kulala, hata kama hauumi, hiyo ni dharura, damu iliyokwama inaua nyama za ndani na hazirudi. Mwenye selimundu inaweza kumtokea hata bila dawa. Usiweke barafu ukasubiri kuche, mwenzio akupakie kwenye pikipiki muende hospitali usiku huo huo, na ukifika sema ulichomeza.