Kwa nini anayeongoza hukwepa mdahalo

SWALI: Mhariri, nitatulie ubishi. Rafiki yangu anashikilia kwamba mwaka 1960, kwenye mdahalo wa televisheni wa wagombea urais wa Marekani, Nixon aliangushwa mbele ya Kennedy na jasho la usoni, na kwamba waliomsikiliza redioni walimwona ndiye mshindi. Ni kweli? Na kama mdahalo ule ulivuma kiasi hicho, mbona Marekani ilikaa hadi 1976 ndipo wagombea urais wakakutana tena?
Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Mimi riziki yangu niliipata kwenye chumba cha mitambo ya redio, kwa hiyo ningefurahi rafiki yako akiwa sahihi. Bahati mbaya, habari hiyo ya redio imeegemea utafiti mmoja, na waliosikiliza redio pekee humo walikuwa mamia machache tu. Huenda wengi wao walikuwa wa Nixon tangu awali.

Jasho ni kweli. Jioni ya Septemba 26, studio ya Chicago, Nixon alifika akiwa ametoka kulazwa kwa maambukizi ya goti, amekonda, suti ya kijivu ikimezwa na ukuta wa nyuma. Alikataa kupambwa, akapakwa poda ya kufunika ndevu tu. Lakini Kennedy alishinda kwa kura zisizofika 120,000 kati ya takriban milioni 68. Kwa pengo dogo hivyo, lolote unaloweza kulitaja linaweza kudai kwamba ndilo lililoamua.

Swali lako la pili ndilo tamu. Sheria ya utangazaji ya 1934 ilitaka kituo kikimpa mgombea mmoja nafasi, kiwape na wenzake wote, hata wale wa vyama ambavyo hakuna anayevijua. Mwaka 1960 Bunge lilisimamisha sharti hilo kwa muda. Mwaka 1964 Rais Johnson alikuwa mbele sana, na maseneta wa chama chake wakauzima mpango wa kulisimamisha tena. Nixon naye, 1968 na 1972, hakutaka hata kusikia. Ungekuwa yeye ungetaka?

Sheria ililegezwa 1975: mdahalo ukiandaliwa na watu wa nje, kituo kiliruhusiwa kuutangaza kama habari. Hata hivyo, kilichofungua mlango hasa ni Ford kuwa nyuma vibaya kwenye kura za maoni. Rais aliye madarakani akamwita mpinzani wake, Carter, jukwaani! Walipokutana Philadelphia sauti ilikatika kwa dakika 27, nao wakabaki pale pale wakisubiri mafundi. Fundi yule namhurumia mpaka leo.

Tangu hapo, nikitaka kujua nani anajiona mbele, naangalia nani anatafuta udhuru. Ufaransa, 2002, Rais Chirac alikataa mdahalo na mpinzani wake, Jean-Marie Le Pen, akapata zaidi ya asilimia 80 ya kura. Kenya, 2017, Uhuru Kenyatta akiwa rais hakufika, Raila Odinga akajibu maswali peke yake. Mwaka 2022 kura nyingi za maoni zilimweka Raila mbele, na safari hiyo ni yeye aliyesusa. William Ruto akahojiwa peke yake. Ruto ndiye aliyetangazwa mshindi, ingawa sithubutu kusema ni kwa sababu ya usiku ule.