Sampuli ile ile, usumaku unafifia tofauti kila siku: tazama muda uliosubiri kabla ya kuzima uga

Mkuu, umesema unapoza aloi yako ya shaba na manganisi ndani ya uga mdogo wa sumaku, unazima uga, kisha unapima usumaku uliobaki unavyofifia. Jana mstari ulikuja hivi, leo umekuja vile, na sasa unashuku mashine. Mimi tatizo hilo lilinikalia wiki tatu, na mashine ilikuwa nzima. Kabla hujafungua kitu, niambie: halijoto ilipotulia, ulisubiri muda gani ndipo ukazima uga?

Mimi nilikuwa siandiki. Siku moja nilisubiri kama dakika tano. Siku nyingine niliitwa kikaoni, nikarudi baada ya zaidi ya saa nzima, ndipo nikazima. Sikuona tatizo, maana uga ukiwa umewashwa usomaji ulikuwa karibu hausogei. Hapo ndipo nilipokosea. Kipimo kinaonyesha utulivu, kumbe ndani atomi za manganisi bado zinatafutana.

Kila atomi ya manganisi ni kijisumaku, na zimetapakaa ndani ya shaba bila mpango. Zinaathiriana kupitia elektroni huru za shaba, na athari hiyo hubadilika kwa umbali: kwa umbali fulani jozi inataka kuelekea upande mmoja, umbali ukibadilika kidogo inataka kupingana. Basi kila atomi inavutwa na majirani wenye amri zisizopatana, na hakuna mpangilio utakaowaridhisha wote. Ukishuka chini ya halijoto ya mgando, yaani ile ambayo vijisumaku huacha kugeukageuka ovyo, kila kijisumaku kinaganda na mwelekeo wake. Wanafizikia Cannella na Mydosh waliona dalili yake mwaka 1972 kwenye dhahabu yenye chuma kidogo: mwitikio wa sampuli kwa uga mdogo unaogeukageuka ulitoa kilele chenye ncha kali. Hali hiyo ndiyo tunayoiita kioo cha spini; spini ndizo hivyo vijisumaku vya atomi.

Lakini kuganda huko si kufika mwisho. Unaposubiri, vijisehemu vya spini zilizokwisha kupatana vinakua polepole. Ukizima uga baada ya kusubiri sana, vinavyotakiwa kugeuka ni vikubwa zaidi, kwa hiyo usumaku unashuka polepole zaidi. Sampuli inazeeka, na umri wake unauhesabu tangu ilipopoa, si tangu ulipozima uga. Mwaka 1983 Lundgren na wenzake wa Uppsala, Sweden, walilionyesha hili kwenye shaba na manganisi: mteremko wa usumaku dhidi ya logi ya muda una kilele karibu na muda ulio sawa na ule wa kusubiri. Niliposoma hivyo nilirudia vipimo kwa kusubiri sekunde 100, 1,000 na 10,000. Vilele vikahama kimoja baada ya kingine, kila kimoja jirani na muda wake. Siku hiyo nilifurahi kupita kiasi, kwa sababu data niliyokaribia kuitupa ilikuwa sahihi yote.

Kuhusu fomula, achana na ile ya kipeo cha kawaida yenye muda mmoja wa kufifia. Humu hakuna muda mmoja. Chamberlin, Mozurkewich na Orbach walitumia mwaka 1984 kipeo kilichonyooshwa, yaani muda ndani ya kipeo unapandishwa tena kwa namba iliyo chini ya 1. Ni umbo lile lile ambalo Kohlrausch alilitumia mwaka 1854 kwa chaji iliyobaki ndani ya chupa ya Leyden, chombo cha zamani cha kuhifadhi chaji ya umeme. Linafaa, ila muda utakaoupata humo usiuandike kama sifa ya aloi: unabadilika na kusubiri kwako. Ukitaka mistari yote ilaliane, gawa muda wa kupima kwa muda wa kusubiri uliopandishwa kipeo kidogo chini ya 1.

Sasa utaratibu. Kila mara anza kwa kupasha sampuli juu kabisa ya halijoto ya mgando, maana hapo tu ndipo historia yake inafutika, kisha ipoze kwa kasi ile ile. Chunga halijoto isipande wakati wa kusubiri. Hata mpando mdogo hufuta sehemu ya umri. Kushuka ni jambo jingine: sampuli itaonekana imeanza upya, lakini ukiirudisha juu inakumbuka ilipoishia. Uga uwe mdogo, kwa sababu mkubwa husogeza kilele kuelekea muda mfupi. Na ukizima, koili isiyo na ukinzani hubakiza uga kidogo, kwa hiyo pima kishikilizi cha sampuli kikiwa kitupu kwa hatua zile zile na uondoe usomaji wake.

Rudia kwa nyakati tatu za kusubiri, uchore mteremko dhidi ya logi ya muda. Vilele vikihama, weka michoro hapa pamoja na asilimia ya manganisi, tuitazame pamoja.