Usitumie akaunti ya admini kwa kazi za kila siku

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya akaunti mbili, ya admini (msimamizi mwenye madaraka yote) na ya kawaida, kwenye kompyuta unayoitumia peke yako nyumbani, na antivirusi umeshaweka. Haja ipo. Natengeneza kompyuta za watu mtaani, na nyingi zinazoletwa zimejaa virusi zina akaunti moja tu, nayo ni ya admini. Siwalaumu wenyewe: Windows inapowashwa mara ya kwanza, akaunti inayofunguliwa ndiyo inapewa madaraka yote.

Programu hutumia madaraka ya aliyeifungua. Ukibofya "Yes" kwenye lile dirisha la kuomba ruhusa, kirusi kinaweza kuzima ulinzi na kujipachika kiwake kila mashine inapowaka. Dirisha hilo lilikuja na Windows Vista. Kwenye Windows XP iliyotangulia ulikuwa huulizwi kabisa. Admini lakini huzoea kubofya tu bila kusoma. Mwenye akaunti ya kawaida anadaiwa nenosiri la admini, na hapo walau anasita. Kama watoto wanaitumia mashine hiyo, nenosiri wasilijue.

Wanaonichosha ni watu wa kraki za Office, yaani programu za kuivunjia leseni ili itumike bure. Maelekezo yenyewe yanasema zima antivirusi kwanza, kisha "Run as administrator". Yaani unamfunga mbwa halafu unamfungulia mwizi geti!

Ila tusidanganyane. Virusi vya kufunga mafaili na kudai pesa havihitaji uadmini kuharibu picha na nyaraka zako, maana wewe mwenyewe una ruhusa ya kuzibadilisha. Vivyo hivyo manenosiri uliyoyahifadhi kwenye kivinjari. Na WannaCry, kirusi cha aina hiyo cha Mei 2017, ilipita kwenye tundu la Windows yenyewe bila kumbofyesha mtu chochote, wakati kiraka (sasisho la kuziba tundu hilo) kilishatoka Machi. Kwa hiyo sasisha Windows, na nakala za mafaili weka kwenye diski ya nje unayoichomoa ukimaliza.

Kufanya ni rahisi. Nenda Settings, Accounts, fungua akaunti mpya, ipe uadmini na nenosiri. Ingia nayo uone inafanya kazi, ndipo ile ya zamani uifanye "Standard User", yaani ya kawaida. Mafaili yako hayahami.

Programu chache za zamani, hasa za hesabu za duka, zitagoma. Mara nyingi ni kwa sababu zinaandika data ndani ya Program Files, folda ambamo Windows huweka programu. Ipe akaunti yako ruhusa ya kuandika kwenye folda hiyo moja tu ya programu, usirudishe uadmini wote.