Kabla hujampeleka kaka yako soba: yaliyonikuta mimi wa Mtwara

Dada wa Newala, uzi wako nimeusoma mara mbili. Umesema kaka yako anaanza nipa, ile gongo yetu ya mabibo ya korosho, kabla jua halijachomoza, asipoipata mikono inatetemeka, na tangu arudi kutoka Dar mmekuta vikaratasi vya unga (heroini) kwenye mifuko ya suruali. Mjomba wenu anataka afungiwe chumbani mpaka pombe imtoke. Mama anataka mganga. Wewe umepewa namba ya soba moja ya Dar, yaani nyumba wanakokaa waraibu wanaoacha, wanataka hela ya miezi mitatu kwa mpigo. Wengi humu wamekujibu "mpeleke soba", basi, wakapita. Mimi nimekaa soba mara mbili, na ya kwanza nilitoka nikaharibikiwa kuliko nilivyoingia. Nivumilie, jibu ni refu.

Nianze na la mjomba maana hilo halisubiri. Msimfungie. Mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka, ukimkatia ghafla mwili unagoma. Siku mbili za kwanza anaweza kuanguka degedege. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne anaweza kuona wadudu ukutani, kusikia sauti, homa ikapanda na moyo ukaenda mbio, na wapo wanaofia hapo hapo. Jirani yetu pale Chikongola alifungwa kamba na ndugu zake, kwa nia njema kabisa. Usiku wa siku ya tatu akawa anazungumza na watu wasiokuwepo, wao wakasema majini yanatoka. Alfajiri tukaitwa kuchimba kaburi. Nyumba ile mpaka leo wanaamini alirogwa, na mimi sina ubavu wa kwenda kumwambia mama yake vinginevyo.

Ajabu ni kwamba watu wanaogopa zaidi arosto ya unga, yale mateso ya kuukosa. Arosto inatesa, sikatai: mafua, miayo isiyokwisha, mifupa kama inapigwa msumeno, kuhara, kutapika. Inaanza saa chache baada ya kete ya mwisho, siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele, wiki ikiisha imelegea. Lakini ni nadra kuua, na ikiua mara nyingi ni maji yamemwishia mtu mwilini. Kwa mtu kama kaka yako, anayetumia vyote viwili, kinachonitisha mimi ni ile nipa.

Kwa hiyo kituo cha kwanza ni hospitali, siyo soba. Hospitali ya wilaya, ya misheni Ndanda, au mshuke naye Ligula, hospitali ya mkoa hapa Mtwara, popote palipo karibu na daktari. Mwambieni daktari kila kitu: anakunywa nini, kiasi gani, mara ya mwisho lini, na unga pia. Najua mnaogopa polisi. Mimi Ligula nilitapika yote, mpaka bei ya kete, na hakuna aliyeniitia polisi. Walinilaza siku sita, wakanipa vidonge vya diazepam wakivipunguza kila siku, na sindano ya vitamini B1 kabla ya kunitundikia dripu ya sukari. Nesi mmoja alinieleza kwamba mlevi akipewa sukari kabla ya ile vitamini ubongo unaweza kuharibika. Sasa fikiria mtu yuko kwenye chumba cha udongo, kafungwa kamba, anapewa chai ya sukari nyingi ili apate nguvu.

Mganga sitamsema sana, mama yako ataumia. Kwetu tulimaliza mbuzi wawili na magunia ya korosho nikinywa kombe asubuhi na nipa jioni.

Sasa safari yangu ya kwanza. Kwetu Wamakonde unajua mwenyewe, baba yupo lakini ukoo ukikaa kikao mwenye sauti ni mjomba. Juni 2021 mjomba akaamua, akalipa, akanichukua. Hakuna aliyewaza hospitali. Tukapanda basi la alfajiri stendi ya Mtwara, kilomita zaidi ya mia tano mpaka Dar, mimi nimepiga cha mwisho usiku uliopita. Kufika Lindi napiga miayo. Kufika Nangurukuru nimelowa jasho, basi limesimama watu wachimbe dawa, nikamwambia mjomba naenda kukojoa. Nikapotelea upande wa Kilwa. Mzee wa watu alifika Mbagala na begi langu, bila mimi. Siku nne baadaye wakanikamata Masoko, nikapelekwa kwenye kile kinachoitwa soba, jumba moja pembezoni mwa Dar ambalo jina lake naliacha.

Tulikuwa kama arobaini, vyumba vitatu. Arosto nilimalizia sakafuni, dawa yake ilikuwa ndoo ya maji ya baridi. Ukibisha unachapwa, na anayechapa naye ni mraibu aliyekutangulia miezi mitano. Simu hakuna. Mama akipiga anaambiwa "anaendelea vizuri, ongeza hela ya dawa". Dawa zenyewe sikuziona. Haki yao niwape: miezi minne sikugusa kitu. Mwili ukarudi, mashavu yakajaa. Mjomba alipokuja kunichukua alilia.

Akanirudisha nyumbani katikati ya Oktoba.

Dada, wewe ni wa Newala, sina haja ya kukueleza Oktoba ni nini. Mabibo yameiva, chini ya kila mkorosho ni harufu tupu. Minada imeanza, hela za AMCOS, vyama vyetu vya ushirika, zinaingia kwenye akaunti, kila mtu ana furaha na kila mtu anataka kukununulia. Nilifikiria baadaye kwamba mtoto anapotoka kumbini jandoni tunampa nguo mpya, tunamchezea ngoma, kijiji kizima kinajua huyu siyo yule wa zamani. Mimi nilitoka kumbini nikarudi kwenye kiti kile kile, na masela wale wale, na suruali ile ile. Nipa niliikataa kweli. Nikaletewa uraka. "Hii siyo pombe, ni juisi ya mabibo tu." Wala hawakuwa na ubaya, kwetu uraka anakunywa hata bibi. Uraka wa asubuhi ni mtamu, wa jioni umeshachacha, wa kesho yake ni pombe kamili. Wiki ya tatu nilikuwa kwenye nipa. (Viroba, zile pombe kali za vifuko, vilipopigwa marufuku Machi 2017 watu walishangilia kwamba vijana wamepona. Kusini hatukuhisi kitu, nipa haihitaji kiwanda wala lebo.)

Desemba nikaenda Dar na lori la mzigo, nikatafuta unga. Nikavuta kiasi kile nilichokizoea kabla ya soba. Hapa nisome vizuri, maana hili hakuna aliyelisema kwenye uzi wako: mwili uliokaa miezi kadhaa bila unga umesahau. Kipimo kilichokuwa chakula kinakuwa sumu. Nilizima. Midomo ikawa ya bluu, pumzi moja moja kama samaki nchi kavu. Masela wakanimwagia maji na kunitia maziwa mdomoni, vitu ambavyo havisaidii na maziwa yangenipalia. Dereva ndiye alinipakia kwenye bajaji mpaka hospitali, wakanichoma dawa inaitwa naloksoni, nikazinduka nikiwatukana. Mtu yeyote anayetoka soba, ndugu zake wajue: akirudia unga hata mara moja baada ya kutoka, hiyo mara moja ndiyo ya hatari kuliko zote zilizopita.

Miaka miwili inayofuata naipita. Niliiba, nilifukuzwa, mke akarudi kwao Nanyamba.

Novemba 2023 nikaenda mwenyewe. Simaanishi kwamba wa kulazimishwa haponi. Nimekaa na watu walioletwa wamefungwa kamba na leo wana miaka sita safi, na nimeona waliokuja kwa miguu yao wakatoroka wiki ya pili. Tofauti yangu safari hii ilikuwa mpangilio. Kwanza zile siku sita za Ligula. Kisha basi nikiwa sina arosto, na mjomba akanisindikiza mpaka chooni Nangurukuru. Na soba yenyewe tulikuwa tumeichagua.

Tuliichaguaje? Dada yangu alipiga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, akaulizia nyumba za upataji nafuu wanazozijua wao. Kisha akaenda kuziona, na alikwenda bila kutoa taarifa, muda wa chakula cha mchana. Akaomba aone wanapolala na choo. Akauliza mtu wa pombe akifika usiku anatetemeka wanafanya nini, na yule aliyejibu "tunamwogesha" akamwachia salamu zake. Akauliza kama ndugu wanaruhusiwa kuzungumza na mtu wao bila msimamizi kusikiliza. Akaomba namba ya kijana aliyetoka pale mwaka mzima uliopita, siyo yule anayesimamia geti. Nyumba mbili zilikasirika kwa swali hilo. Ya tatu ilimpa namba tatu. Huko ndiko nilikokwenda, laki mbili na nusu kwa mwezi, nikilipiwa mwezi kwa mwezi. Hao wako wanaotaka ya miezi mitatu kwa mpigo, waulize akitoroka wiki ya kwanza hela inarudi? Jibu lao litakufundisha.

Humo ndani hakuna muujiza. Mnaamka alfajiri, wa kuswali wanaswali, mnafagia, mnapika, mnakaa duara kwenye mikutano ya hatua kumi na mbili, kila mtu anasimulia aibu zake. Mwezi wa kwanza niliona ni upuuzi. Mwezi wa pili jamaa mmoja mvuvi wa Kilwa Kivinje alisimulia jinsi alivyouza nyavu za baba yake, nami nikamkumbuka mjomba na lile begi Mbagala, nikashindwa kula. Tulipimwa pia virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kifua kikuu. Uliza na hilo, hasa kama kaka yako anajichoma.

Kuhusu methadoni, maana kuna mtu kakuandikia "mpeleke apewe methadoni, ni bure". Ni kweli ni bure, serikali ilianza kuitoa Muhimbili Februari 2011 na imesambaa hospitali nyingine kadhaa tangu hapo. Lakini ni dawa ya waraibu wa heroini na jamii yake. Haitibu nipa wala bangi. Na kwa kawaida inanyweka kliniki kila siku, mbele ya mhudumu, kwa miezi mingi au miaka. Mtu wa Newala akipangiwa kliniki ya mbali, maana yake ni kuhamia huko. Kwa mwenye unga wa miaka, anayejichoma, aliyekwenda soba mara tatu akarudi, mimi ningemshauri ahamie, bila kuona haya. Kaka yako, kwa ulivyomweleza, ameanza unga juzi na pombe ndiyo mama wa tatizo, kwa hiyo hospitali kisha soba naona inamfaa zaidi. Daktari akimwona akasema tofauti, mfuate daktari.

Muda wangu uliisha mwanzoni mwa Mei 2024. Ndiyo wiki ile kimbunga Hidaya kilipiga, barabara ikakatika Somanga, hakuna basi kwenda Kusini. Nikabaki soba nikisaidia jikoni. Nilinuna sana, ila nashukuru, maana nilipata muda wa kupanga kurudi, jambo ambalo mara ya kwanza halikumpitia mtu yeyote kichwani. Nilirudi msimu umelala, mikorosho mitupu. Sikurudi Chikongola, nilikwenda kwa shangazi Mikindani, mbali na kijiwe. Mjomba alibakiza hela kidogo, badala ya kumaliza zote soba, akaninunulia vifaa vya kuziba pancha.

Oktoba ikaja. Mwaka ule korosho ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo mnadani, mji ulikuwa umechanganyikiwa. Sehemu yangu ya shamba niliomba iingie akaunti ya mama. Msibani na harusini nilikuwa nakwenda na mpwa wangu wa miaka kumi, kwa sababu mbele yake naona haya. Jioni nampigia yule mvuvi wa Kivinje, wakati mwingine hatuna cha kusema, tunasikilizana tu. Novemba moja nilisimama nje ya kilabu cha nipa robo saa nzima. Sijui kwa nini niliondoka. Nadhani mtu aliniita nizibe pancha.

Kwa hiyo hesabu zako zifanye upya, dada. Hela uliyo nayo igawe: hospitali, soba, na fungu la kurudi ambalo hamligusi. Na usihesabu miezi mitatu ukamtoa kwa kuwa mitatu imetimia. Angalia itaangukia wapi. Ikiangukia kwenye mabibo, mwache amalizie hadi Februari hata kama ni kwa kukopa, au akitoka akae kwa ndugu asiye na mikorosho.

Mjomba wako mpe shikamoo yangu, mwambie nia yake ni njema. Mwombe akawe msindikizaji, hiyo heshima anaistahili. Kaka akae kiti cha dirishani, mjomba cha kwenye njia. Bebeni maji mengi na ndizi. Nangurukuru mshuke wote.